Besi ya Yakub

Isaiah Makokha alikuwa mpiga gitaa wa roki aliyevuma Kakamega nzima kabla hajageukia kilimo cha miwa. Mwaka 1996 Christine, fundi wa kurekodi pale mjini, alimwita asikilize kaseti ambayo shabiki mmoja aliirekodi ukumbini bendi ya Isaiah ilipopiga, miaka ishirini na miwili nyuma. Christine alikuwa ameisafisha na kupunguza makelele ya watu.

Isaiah akavaa hedifoni. Ulipofika wimbo wa mwisho, alishtuka. Siku ile wimbo huo uliharibika, naye akamlaumu Yakub, mpiga besi, na kumfukuza kwenye bendi. Sasa besi ilisikika wazi, imetulia. Gitaa lake mwenyewe ndilo lililopoteza mapigo.

"Hebu rudisha nyuma," alisema. Akasikia yale yale.

"Hapo naweza kukata, mzee," Christine akamwambia.

"Usikate. Nitolee nakala hivyo hivyo."

Kesho yake alimkuta Yakub kwenye duka lake la vitambaa huko Mumias. Akamwekea kaseti, kisha akamwomba radhi.

"Mimi nilijua siku ile ile," Yakub akasema. "Nilikuambia, ukakataa kusikia."

Yakub akamvutia kiti, wakaisikiliza kaseti tangu mwanzo.