Roboti Namba Saba

Mimi ndiye niliyewafundisha wale roboti kutoaminiana. Nalisema mapema, msije mkahangaika kumtafuta mwingine wa kumlaumu.

Katika mgodi wetu wa dhahabu, nje ya mji wa Welkom, Afrika Kusini, roboti tisa hutangulia chini kupima gesi kabla ya wachimbaji. Wadukuzi wakimteka mmoja akaanza kudanganya, programu yangu inaona hafanani na wenzake, inamfukuza kundini. Kila Ijumaa ilijifunza upya kutokana na vipimo vya wiki. Nilijivunia jambo hilo kupita kiasi.

Mjomba Tseko, aliyenilea, ndiye aliyeongoza zamu ya asubuhi. Miaka ishirini hakushuka bila kipimo chake cha gesi cha mkononi. Nilimtania kwamba anakipenda kuliko mkewe, na kwamba ananiaibisha mbele ya wakubwa, kana kwamba haiamini programu yangu. Akacheka, akaanza kukiacha kabatini.

Jumatatu ile namba saba alikuwa ametoka karakana, alikokaa mwezi mzima akibadilishwa magurudumu. Alipofika mbele kabisa akatoa taarifa: gesi. Wenzake wanane wakasema hewa ni safi. Programu ikamtia alama ya mwongo, ikaniomba idhini ya kumfukuza.

Mjomba akapiga simu kutoka chini.

"Mwanangu, huyu mmoja mbona anakataa?"

"Ametekwa, Mjomba. Wanane hawawezi kukosea pamoja."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ingieni tu."

Nikabonyeza. Baada ya dakika nne chai ilitikisika mezani pangu.

Walikufa watu sita katika mlipuko huo, Mjomba akiwa mbele yao. Uchunguzi ulionyesha kwamba wadukuzi, ambao mpaka leo hatuwajui, walikuwa wamewateka wale wanane na kupunguza vipimo vyao kidogo kidogo kwa mwezi mzima. Kila Ijumaa programu yangu iliumeza uongo huo, ukawa ndiyo kawaida yake. Namba saba hawakumpata kwa sababu alikuwa amezimwa karakana. Na fomu ya kumpeleka huko nilitia sahihi mwenyewe! Sikuwaza hata kidogo kwamba yeye peke yake ndiye wasingeweza kumfikia. Najichukia kwa hilo.

Baada ya mazishi mke wa Mjomba alinipa ufunguo wa kabati la Mjomba la mgodini, akaniambia nikachukue vitu, yeye hawezi. Kipimo kilikuwa juu ya koti lake. Nikakiwasha, nikijua kitakuwa kimekufa zamani.

Betri ilikuwa karibu kujaa. Siku zote hizo alikuwa anakichaji, halafu anakiacha kwa ajili yangu.