Herufi O Zilikwisha

Hapa kwetu kila mtu ni O. Ogari, Obwocha, mimi mwenyewe Onsongo. Wewe mjukuu wangu huwezi kujua hiyo ni shida mpaka ufanye kazi ya kupanga herufi za risasi, moja moja, kinyumenyume, vile nilikuwa nafanya kwa mashine ya kuchapa ya Manubhai pale Kisii mjini. Q tuliikuta mpya, tukaiacha mpya. Lakini O ilifanya kazi kama punda.

Manubhai alikuwa mtu wa kuogopa hasara. Aliogopa moto, akalipa bima. Aliogopa wezi, akaweka vyuma kwa dirisha. Karatasi alinunua kwa watu wawili, huyu akikosa yule yuko. Mimi nikamwambia, "Mdosi, nunua O, hizi zinaisha."

"Fundi, O ni shimo tu. Nani ananunua shimo?"

Tukacheka. Bibi yake Lalita alikuwa ananiletea chai ya tangawizi, tamu, siwezi kudanganya. Nilijua nitazeekea hapo.

Basi, mwaka wa tisini na nne, mwalimu mkuu Ogari wa Gesima akaingia, akatupa vyeti vya shule mezani. "Soma jina langu!"

O ilikuwa imekatika upande. Nikasoma: Cgari.

"Watoto wananiita Sigara!" Akabeba kazi yake yote, akapeleka kwa watu wa kompyuta, njia ya Nyanchwa.

Manubhai akatuma kijana wake Rahul Nairobi kutafuta O. Mimi huku nikachukua sifuri, nikaweka pale pa O. Majina yakapendeza! Lakini sasa vitabu vya risiti vikakosa sifuri. Nikaruka kutoka tisa mpaka kumi na moja. Wenye maduka wa Ikonge wakauliza kama Muhindi amesahau kuhesabu. Nao wakaenda Nyanchwa.

Rahul akarudi mikono mitupu. "Baba, walinicheka. Hakuna mtu anatengeneza herufi tena."

Manubhai akaangalia dirisha yake. "Onsongo, mimi nilifunga kila mahali," akasema. "Huyu mwizi alipita wapi?"

Watu wa bima wakasema hawaoni moto. Mashine ikauzwa chuma kuukuu, na haikutosha mlangoni, ikabidi wakate vile vyuma vya dirisha ndio itoke. Rahul akaweka kompyuta pale pale, akaandika kazi msichana anaitwa Roselyne. Mimi akaniambia, "Mzee, hii itakusumbua macho." Nikarudi nyumbani kuchuma majani chai.

Mama yako Bochaberi alipoolewa, nikaenda huko kwa Rahul kutengeneza kadi. Nilikuwa na njia ingine? Roselyne akauliza jina la baba ya bibi arusi. Nikamwambia. Akabonyeza O bila kuangalia.

"Hebu bonyeza tena," nikasema.

Akakalia ile kidude ya O na kidole. O zikajaa kioo yote, safi, hakuna moja imekatika.

"Zinatosha, mzee?"

"Zinatosha, mama. Futa."