Mikono Mia Mbili na Kumi ya Kushoto

Hivi wewe umewahi kutumwa ukamfukuze kazi mtu aliyekufundisha kazi? Sisemi kusikia tu kwamba kafukuzwa, ukasikitika, ukaendelea na chai yako. Nasema kutumwa wewe, kwa mdomo wako mwenyewe, na umalize kabla ya saa nne asubuhi.

Msimamizi wa chumba cha kushonea sare alitumwa hivyo. Mafundi walimwita Filimbi. Cherehani thelathini na mbili zikinguruma kwa pamoja sauti ya mtu haifiki popote, kwa hiyo mapumziko aliyatangaza kwa filimbi nyekundu ya plastiki iliyoning'inia shingoni kwa uzi wa kushonea. Asubuhi ile aliingia wa kwanza, kama ada yake. Alifungua madirisha mawili. La tatu lilikuwa limepigiliwa misumari tangu kitasa kilipokatika. Alifagia nyuzi chini ya meza. Akapanga sindano ndani ya kikopo, maana pale fundi hapewi sindano mpya mpaka arudishe iliyovunjika, na kipande kimoja kikikosekana kinasakwa kwa sumaku mpaka kionekane, kisije kikamchoma mtoto wa watu shingoni akiwa darasani. Sheria hiyo aliiweka yeye, na katika miaka sita ya usimamizi wake hakuna shati lililorudishwa kwa sababu ya sindano. Hilo alilijua, na alitembea nalo kifua mbele.

Mafundi wakaanza kuingia, wanavua viatu vya njiani, wanavaa ndala.

"Mwenye nyumba wangu kapandisha tena," alisema fundi wa vifungo kabla hajaketi. "Kodi imepanda, unga umepanda, nauli imepanda."

"Tuliobaki chini ni sisi tu," alidakia mwenzake wa kola.

"Wewe hata ukipanda kiti bado uko chini, kwa huo ufupi."

Chumba kikaangua kicheko. Filimbi hakucheka. Mfukoni mwa koti lake la kazi mlikuwa na karatasi mbili, na kila akipiga hatua alizisikia zikikwaruzana.

Alikuwa amepewa jana jioni na meneja, kijana mtanashati mwenye ofisi ghorofani. Meneja huyo alichomeka kalamu tatu mfukoni mwa shati, nyeusi, ya bluu na nyekundu, basi mafundi wakamwita Bwana Kalamu, asipokuwepo. Shauri lenyewe lilikuwa hili. Mkataji mkuu, mama mmoja aliyejulikana kwa jina la Bi Mkasi, alikuwa amekata mikono ya mashati mia moja na matano ya shule. Mikono mia mbili na kumi, na yote imetoka ya kushoto. Wa kulia hakuna hata wa dawa.

Kosa hilo huwezi kulifanya ila uwe mkataji. Kitambaa hutandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, uso ukitazamana na uso, mgongo na mgongo, ili kila pigo la mkasi litoe jozi, wa kushoto na wa kulia. Ukilaza tabaka zote uso juu, mikono yote inazaliwa upande mmoja.

"Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza," Bwana Kalamu alikuwa amesema. "Yule mama kazeeka. Tukimwondoa sisi, kuna ofisi ya kazi, kuna maswali. Akiondoka mwenyewe, kwisha habari."

Karatasi ya kwanza ilikuwa barua, imeshachapwa: *Mimi nimeamua kwa hiari yangu kupumzika kazi.* Nafasi ya sahihi imeachwa chini. Ya pili meneja alirudi nayo kutoka semina ya siku tatu: namna ya kuzungumza na mfanyakazi mwenye tatizo. Hatua tano. Tabasamu. Msifu. Mweleze kosa. Mpe kalamu. Msifu tena. Mazungumzo yasizidi dakika kumi.

"Na akikataa?" Filimbi aliuliza.

"Msimamizi asiyeweza kusema na watu wake si msimamizi. Cherehani yako ya zamani bado ipo pale dirishani, au siyo?"

Usiku ule Filimbi alilala upande mmoja tu. Alimwazia binti yake anayeingia kidato cha pili, na mwenye nyumba wake, aliyekuwa wa aina ileile kama wa fundi wa vifungo. Kwa mshahara wa cherehani wasingekaa vyumba viwili. Wangerudi kimoja, na pazia katikati.

Sasa ilikuwa saa tatu kasoro. Aliingia stoo ya vitambaa, akafunga mlango, akajaribu kutabasamu mbele ya marobota. Tabasamu halikukaa. Akafungua mlango na kuita, "Shangazi, njoo mara moja."

Hawakuwa na undugu wa damu. Lakini miaka kumi na tisa nyuma, Filimbi alipoingia pale hajui hata kushika chaki, ni Bi Mkasi aliyeuweka mkono wake juu ya mkono wa Filimbi na kumwambia, "Mkasi hausukumwi, mwanangu, mkasi unapelekwa." Mtu wa namna hiyo utamwita nani?

Bi Mkasi aliingia akijifuta chaki kwenye kanga aliyojifunga kiunoni. Mwembamba, mgongo umenyooka kama rula, miwani kaipandisha juu ya kilemba. Aliketi juu ya robota bila kuambiwa.

"Shangazi," Filimbi alianza, "wewe ni mchapakazi. Hujawahi kuchelewa. Chumba hiki kizima kinakuheshimu, na sisi tunathamini sana mchango wako..."

"Kafa nani?"

"Hakuna aliyekufa."

"Sifa zote hizi asubuhi asubuhi, na mlango umefungwa? Nimezoea kuzisikia makaburini." Bi Mkasi alimtazama vizuri. "Na hayo meno umeyatoa ya nini? Wewe hutabasamu hivyo."

Filimbi alihisi uso ukimwaka. Aliiona aibu yake waziwazi, kama doa la mafuta kwenye shati jeupe: alikuwa anasema na mtu huyu kwa mdomo wa kuazima. Akafunga meno. Akakaa naye kwenye robota, bega kwa bega.

"Nimetumwa, shangazi."

"Najua. Tangu jana najua. Mikono."

"Mikono. Lakini kabla sijasema nilichotumwa, twende mezani unionyeshe ulivyotandaza. Nataka nione kwa macho yangu."

Wakaenda. Cherehani za karibu zikapunguza mwendo, si kwa heshima, kwa umbea. Bi Mkasi akafunua kitambaa kipya, kile cha bei rahisi kilicholetwa mwezi huu, akakilaza. Filimbi akakishika. Cha zamani uso wake ulikuwa laini na mgongo wake wa kukwaruza. Hata kipofu angeutofautisha kwa kidole. Hiki pande zote zilikuwa sawa mkononi. Tofauti ni mng'ao mdogo tu, na mng'ao unataka mwanga.

Filimbi akainua macho. Juu ya meza ya kukatia palikuwa na nafasi ya taa tatu ndefu. Ilikuwapo moja, nayo inapepesa.

"Mbili zimekwenda wapi?"

"Zilipandishwa juu, chumba cha mikutano kilipokarabatiwa. Nikaambiwa zitakuja nyingine." Bi Mkasi alitoa chaki sikioni. "Niliomba. Nikaomba tena. Mara ya tatu karani wa ghorofani akaniuliza kama nataka na kapeti."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ungefanya nini, mwanangu? Ungepuliza filimbi?"

Fundi wa kola alicheka, akajifanya anakohoa. Filimbi hakukasirika. Kila siku tangu taa zitolewe alikuwa amepita chini ya zile nafasi tupu na asizione, kwa kuwa alikuwa akitazama sindano.

Sasa likabaki neno gumu, na neno gumu halikuwa la taa. Angeweza kuliacha. Angepanda juu na habari ya taa peke yake, akaonekana mtu mwema. Alimsogelea Bi Mkasi mpaka vichwa vikakaribiana, akaishusha sauti ili chumba kisisikie.

"Na macho, shangazi?"

Bi Mkasi alikikunja kitambaa, akakinyoosha, akakikunja tena.

"Ya mbali mazima," alisema mwishowe. "Namwona fundi wa vifungo pale anakula andazi chini ya meza. Ya karibu ndiyo yananidanganya. Hata taa zote zingekuwepo, pengine ningekosea mikono ishirini. Usiku nimelihesabu hilo. Kosa lina taa ndani yake na lina mimi ndani yake. Sitalikana. Mikono hii ndiyo iliyokata."

"Asante kwa kuniambia."

"Asante kwa kuuliza. Jana walikuja wanne kuitazama ile mikono. Hakuna aliyeniuliza hata nilikuwa naona nini."

Wakasimama pale wakapanga kazi, si huruma. Mikono mia moja na mitano ya kulia itakatwa kwenye kitambaa kipya; ya kushoto iliyozidi itakatwa upya, itoe mifuko na kola za oda ijayo; kitakachopotea ni ukingo tu. Fundi wa kola, mwenye macho makali na ulimi mkali zaidi, atahamia mezani awe anatambua nyuso na kupiga chaki, na Bi Mkasi atakata akimfundisha. Mwaka mmoja, kisha mezani atakuwepo mkataji wa pili. Bi Mkasi alisikiliza yote kidevu juu.

"Mwaka mmoja utamtosha," alisema, "akifunga domo."

"Shikamoo, mwalimu," fundi wa kola akaitikia kutoka kwenye kiti chake. Kumbe alikuwa amesikia kila kitu.

Saa nne kasorobo Filimbi alipanda ngazi. Mlango wa chumba cha mikutano ulikuwa wazi. Viti kumi na viwili, hakuna mtu hata mmoja, jua limejaa madirishani, na taa zote zinawaka juu ya meza tupu.

Ofisini kwake, Bwana Kalamu alinyoosha mkono kabla hajasalimiwa. "Kasaini?"

Filimbi akaiweka barua mezani. Nafasi ya chini ilikuwa nyeupe vilevile. Akaeleza: kitambaa, taa, macho, mpango. Hakuficha macho. Alieleza polepole, kama anavyohesabu sindano.

"Hukufuata hatua," meneja alisema.

"Nilifika ya pili. Akaniuliza kafa nani."

"Unanifanyia mzaha?"

"Hapana, bosi. Ndivyo alivyoniuliza."

Bwana Kalamu akachomoa kalamu nyekundu, akaichezesha vidoleni. "Hiyo mifuko na kola sawa, tutafanya, wazo si baya. Lakini yule mama aondoke. Na wewe Jumatatu urudi kwenye cherehani. Nitamweka mtu anayeweza kusema na watu."

Ndivyo ilivyokuwa: wazo walilichukua, mwenye wazo wakamrudisha chini. Filimbi aliliona pazia katikati ya chumba, na kitanda cha binti yake upande wa pili. Akaivua filimbi shingoni, akaikunjakunja kwa uzi wake, akaiweka juu ya barua.

"Cherehani naijua," alisema. "Sijawahi kuionea aibu."

"Basi kwa nini unanisumbua? Hebu niambie, wewe hasa unataka nini?"

Katika miaka kumi na tisa hakuna mtu wa ghorofani aliyewahi kumuuliza swali hilo. Aliyeuliza mwenyewe hakulitegemea jibu, alikuwa ameshainamia makaratasi yake. Filimbi akasubiri mpaka akainua uso.

"Nataka," alisema, "ukitaka mtu wa chini aondoke, ushuke hizo ngazi kumi na sita kwa miguu yako, ukae mbele yake, umtazame, umwambie wewe."