Radhi za Kila Ijumaa

Mimi nina hasira, sikatai, na mtaa mzima wa Kiponda unajua. Mwanangu Mbarouk aliponiambia amejitolea jeshini, na kwamba ameomba mwenyewe kutiwa katika kikosi kinachokwenda kulinda amani Kongo, nilimfokea mpaka majirani wakafungua madirisha. Nilimsomesha kilimo pale chuoni Kizimbani ajue karafuu na vanila, apate kazi ya kukaa karibu nami. Hakuna aliyemwita vitani. Alikwenda kwa miguu yake.

Asubuhi ya safari alipiga magoti mlangoni kwangu.

"Mama, nnaomba radhi zako."

Nikamgeuzia mgongo, nikaendelea kupepeta mchele. Kwetu mtoto hasafiri mpaka mama atamke kwa mdomo wake kwamba amemradhia, na mimi niliufunga mdomo makusudi. Nilidhani atabaki. Alisubiri kidogo, akanibusu bega, akaenda.

Miezi saba hakuisikia sauti yangu. Akipiga simu nampa dada yake, Nadra, mimi nazama jikoni. Nilikuwa nikimngoja arudi nimradhie uso kwa uso. Wakamrudisha ndani ya sanduku lililofunikwa bendera, tukamzika Mkokotoni, kwa marehemu baba yake.

Watu walinifariji sana. Waliniambia Mbarouk ni shahidi, na kwamba mama anaweza kumradhia mwanawe hata kaburini. Nikamradhia, tena kwa sauti, mpaka koo likanikauka. Mungu amesikia, sina shaka. Lakini yeye alikufa akijua mama yake amemnunia, na hilo ndilo lililokuwa likinitafuna.

Siku ya arubaini tulisoma hitma, wanaume msikitini, sisi wanawake uani. Pilau imeshapakuliwa, na mimi nimeshagombana na jirani yangu Bi Mwanakheir juu ya nani aliyeunguza sufuria la pili, Nadra akaja kuniambia kuna askari anataka kuniona. Nikamkuta ukumbini, kijana mwembamba, ameegemea magongo.

"Shikamoo, mama. Mimi Ridhwan, kwetu Bububu. Nlikuwa na Mbarouk kule."

"Marahaba, baba. Kaa."

Alikaa kwa taabu. Akanieleza bila kupamba jinsi kituo chao kidogo kilivyoshambuliwa wakati wa mvua. Yeye alipigwa risasi ya mguu nje ya handaki. Mbarouk akatoka, akamburuta mpaka ndani. Halafu akatoka tena kumfuata mwenzao wa pili, na safari hiyo hakurudi.

"Hivi nnavyopumua ni kwa ajili ya mwanao," alisema. "Nimekuja kukushukuru na wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Radhi zako, mama. Kila Ijumaa ukimletea ujumbe, naye akitusomea sote. 'Mama yako amekuradhia, anakuombea, na usilale na soksi zilizoroa maji.' Tukicheka pale kwenye soksi! Hata siku ile ilikuwa Ijumaa. Alisoma, akaitia simu mfukoni, akasema, 'Mie mama kanradhia, sina khofu.'"

Mimi sijapata kuandika ujumbe maishani mwangu. Simu naijua kupokea tu. Nikamtazama Nadra, amesimama na sinia la kahawa, uso umemsawijika. Msichana huyu nilimchapa utotoni kwa uongo wa kipande cha halua, na kumbe miezi saba amekuwa akinisingizia maneno ndani ya nyumba yangu.

Hasira ilianza kupanda, naijua njia yake. Lakini shukrani iliiwahi. Nililia mbele ya mgeni bila haya, na nilikuwa na furaha, nasema kweli, furaha ya kwanza tangu nimzike. Alhamdulillahi, mwanangu hakufa mkiwa.

"Mama, nsamehe," Nadra alianza. "Ni mimi niliye..."

"Weka hilo sinia. Lete simu, unsomee jumbe zote."

Akakaa chini, akasoma tangu ule wa kwanza. Kila ujumbe ulianza na radhi, kisha mambo ya kula, ya dawa za malaria, ya kuswali kwa wakati. Kila alipomaliza mmoja nilimsimamisha, nikatamka, "Hayo nimesema mimi," mpaka Ridhwan naye akafahamu, akainamisha kichwa.

Alipofika ule wa mwisho, sauti ilimkatika. Ridhwan alikuwa anaujua kwa moyo. Akaumalizia yeye, taratibu, huku amefumba macho.

"Na hayo nimesema mimi," nikasema.

Kisha nikamshika Nadra kichwa kwa mikono miwili.

"Na wewe, mwongo wee, nshakuradhia. Unanisikia? Nshakuradhia, dunia na akhera."