Mwalimu Aliyejifanya Mashine

Uvumi ulianzia kwenye foleni ya bomba: mwalimu wa kompyuta wa watoto wetu hajui hata kuiwasha. Eti mashine kumi zimefunikwa vitambaa mwezi mzima, na yeye kutwa anacheza na watoto. Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo. Mimi niliishia darasa la saba. Nilikuwa nimeapa binti yangu asije kuduwaa mbele ya mashine kama mama yake.

"Shoga, saini hapa," jirani yangu, Mama Pacha, akaniambia, karatasi mkononi. "Tunaiomba ofisi ya elimu imwondoe."

"Umemwona akifundisha?"

"Nimwone ili iweje? Mtaa mzima unajua!"

Nikasaini. Jina langu likawa la tatu.

Wiki tatu baadaye nilipeleka shuleni daftari ambalo binti yangu alilisahau. Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Mwalimu, mtu mzima mwenye mvi, amesimama wima, dasta mkononi, macho hayapepesi. Watoto wa darasa la nne wanamsomea amri walizoandika wenyewe. Kazi ni moja: mashine ifute ubao.

"Nenda mbele!" akasoma binti yangu.

Mwalimu akaenda. Akafika ukutani, akaendelea kupiga hatua palepale, pua imegusa chokaa.

"Simama, mwalimu!"

"Mwalimu hayupo. Mimi mashine, na sijaandikiwa pa kusimama."

Darasa zima halina mbavu kwa kicheko. Binti yangu, ambaye nyumbani akikosea hulia, akafuta, akaandika upya: hatua tano, simama, inua mkono wa kulia. Mara ya nne dasta ikagusa ubao. Binti yangu alipiga kelele za furaha hadi nikaona haya, halafu nikavimba kichwa.

Kengele ilipolia, mwalimu akanikuta mlangoni.

"Karibu, mama."

"Mashine zitafunuliwa lini?"

"Wiki ijayo. Mtoto akijua kuiamuru mashine, hataiogopa." Akajipangusa chokaa puani. "Nimefundisha miaka kumi na tisa, mama. Mtaala umebadilishwa mara tatu. Kila mara wanaleta vyombo, halafu wanauliza vimewashwa saa ngapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza mtoto amekosea wapi na amejirekebishaje. Mimi hilo ndilo ninaloandika."

Akanifungulia daftari lake. Kila mtoto ana ukurasa. Kwenye wa binti yangu alikuwa ametoka kuandika: "Leo amekosea mara tatu bila kulia."

Sikujua kama duniani kuna mtu mwingine anayefuatilia machozi ya mwanangu.

Nikaenda mbio kwa mwalimu mkuu, nifute jina.

"Umechelewa, mama. Uhamisho umetoka leo asubuhi. Hata mwenyewe bado sijamwambia."

Nikarudi nikamwambia mimi, na nikamwambia nilisaini wa tatu. Akalifunga daftari lake.

"Basi tutazifunua kesho," akasema. "Nisiwaache nusu njia."

Ameshaondoka. Wazazi wenzangu, epukeni haya:

Kusaini barua juu ya mwalimu ambaye hujakaa darasani mwake hata nusu saa.

Kupima somo kwa mashine zinazowaka.

Kudhani watoto wakicheka hawasomi.

Kwenda ofisi ya elimu kabla ya kubisha hodi darasani.

Kungoja wiki tatu.