Mdudu wa Meneja

Kaka yangu tunamwita Meneja. Watu husema ana akili za mtoto. Sijui ni mtoto gani huyo anayeweza kuwazuia mafundi saba wazima wasitoke kwenye karakana ya useremala ya mjomba mpaka sakafu ifagiwe na randa zirudi mahali pake.

Niliporudi kutoka kumuuguza mama mkwe wangu, niliambiwa Meneja ana wiki tatu katika hospitali ya magonjwa ya akili. Mjomba alinieleza huku ameangalia chini: alianza kujipiga ngumi shavuni, akawa halali usiku, mwisho akavunja kioo cha dirisha kwa kichwa. Basi wakampeleka. Mimi nikilia, naulizwa nini kinaniuma. Meneja akilia, anachomwa sindano.

Nilimkuta wodini kwenye benchi, mate yanamchuruzika. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba; muuguzi alisema ni zile ngumi zake. Dawa zilikuwa zimempumbaza hata jina langu alilianza akashindwa kulimaliza.

Daktari alinipokea vizuri ofisini kwake, sitamsingizia. Alimkalisha Meneja kando yangu, akanisogezea fomu. Kesho yake kaka alikuwa ahamishiwe jengo la nyuma, la wale wasiorudi makwao. Ilibaki saini ya ndugu tu, na mjomba alikuwa amegoma kuitia mpaka mimi nirudi.

"Dawa tumeongeza mara mbili, hazimshiki," alisema. "Na sasa anahisi vitu ambavyo havipo, dada. Anasema kuna mdudu anamla kichwani."

"Anasemaje hasa?"

Alifungua faili, akasoma. "'Mdudu ananila. Mdudu ananila humu.' Halafu anashika kichwa."

"Anashika kichwa wapi?"

Daktari alimtazama muuguzi aliyetuleta. Muuguzi akagusa taya lake mwenyewe, upande wa kushoto, kisha mkono ukaganda hapo hapo.

Nani kati yetu hakutishwa na mama yake kwamba asipopiga mswaki mdudu atamla jino? Daktari alitishwa. Muuguzi alitishwa. Wao walikua, wakasoma, wakasahau. Meneja hakusahau. Alisema neno lile lile alilofundishwa nyumbani, nao wakaliandika kuwa ni wazimu.

"Kaka, fungua mdomo," nilimwambia.

Aliachama. Harufu ilitufikia sote. Gego la chini lilikuwa limeoza mpaka kwenye ufizi, na ufizi umetunga usaha.

"Anakunywa dawa mara ngapi?" nilimuuliza muuguzi.

"Mara tatu kwa siku."

"Na akishameza?"

"Anafungua mdomo, tunaangalia kama kameza."

Mara tatu kwa siku, wiki tatu nzima. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Wahenga hawakuwahi kulazwa hapa. Nilitaka kuirusha ile meza na kila kilichokuwa juu yake. Badala yake niliichana fomu, nikamwachia vipande vyake.

Daktari alichukua kalamu, akaanza kuandika barua ya kumpeleka kliniki ya meno. Nilisimama nyuma yake nikasoma: Mgonjwa hakueleza maumivu.

"Kata hapo," nilisema.

"Dada, ni utaratibu tu wa kuandika."

"Alieleza. Wiki tatu amewaeleza. Kata, uandike alieleza."

Alikata mstari. Chini yake akaandika polepole, bila kuniangalia usoni. Nilipogeuka, Meneja alikuwa bado ameachama vile vile, machozi yanamtoka, anasubiri mtu amwambie afunge.