Pedi za Upande Mmoja

Kabla ya kukanyaga breki, Baba Pacha aliuvuta usukani kushoto kwa mikono yote miwili, akaushikilia kama anayemzuia ng'ombe kwa pembe. Ndipo akakanyaga. Gurudumu la mbele la kulia likashika, la kushoto likalia chuma kwa chuma, na pikapu ya kituo cha afya, ambayo ikiachiwa hujitupa kulia kama mlevi, ikateremka mlima kwa unyoofu hadi chini. Muuguzi aliyekaa pembeni yake, amepakata boksi la chanjo, alikuwa amekwisha kuzoea. Alishika dashibodi, akafumba macho, akayafumbua gari liliposimama.

"Leo umelibembeleza," alisema.

"Linabembelezeka," akajibu Baba Pacha, akijifuta jasho la shingoni. Bega la kushoto lilimwaka moto. Kila jioni mkewe alilikanda kwa maji ya moto, na kila asubuhi gari lilikuja kudai lake.

Ugonjwa wa gari lile haukuwa siri. Mlinzi aliujua, mfagiaji aliujua. Boksi moja la pedi za breki za mbele huwa na pedi nne, mbili za gurudumu la kulia na mbili za kushoto. Kituo kilinunua boksi. Lakini Mkuu wa kituo naye alikuwa na pikapu yake mwenyewe, ya aina ileile, iliyobeba matofali na mchanga kwenda kwenye nyumba aliyokuwa akijenga nje ya mji, na pedi za pikapu hiyo nazo zililika. Basi fundi aliitwa nyumbani kwa Mkuu, boksi likafunguliwa, likagawanywa nusu kwa nusu. Pedi mbili zilikwenda gurudumu la kulia la gari la kituo, mbili gurudumu la kushoto la gari la Mkuu. Mkuu alipenda kusema, huku akicheka, kwamba yeye ni mtu wa haki, hawezi kushibisha gari moja jingine likalala na njaa.

Gurudumu moja likifanya kazi ya mawili haliwezi kudumu. Pedi za kulia zililika kama sabuni ya watu wengi. Likanunuliwa boksi jingine, likagawanywa vilevile. Baba Pacha alikwenda kulalamika mara moja, mwanzoni kabisa. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza kwamba dereva wa kweli hajulikani kwa gari zima, hujulikana kwa gari bovu, na kwamba mikono kama ile ni mali ya kituo. Akayarudia maneno hayo mbele ya wafanyakazi. Baba Pacha alitoka pale kifua mbele. Alipolikumbuka hilo baadaye, alitamani kujitemea mate.

Siku moja akaja mkaguzi kutoka makao makuu. Alikuwa mtu safi, wa shati jeupe, mwenye tabia ya kufuta kiti kwa kitambaa kabla ya kukaa. Aliuliza jambo moja tu: pikapu hii inakula pedi au inazitafuna? Mkuu alihitaji mtu wa kubeba jibu. Walikuwapo wawili tu waliofaa, yeye na dereva, na hakuchukua muda kuchagua. Akasema kwa masikitiko kwamba Baba Pacha ni mzee mwema, mcha Mungu, ila mguu wake ni mzito. Anaponda breki. Ikibidi, kituo kitaachana naye.

Kuachana naye maana yake ilikuwa kupoteza vyumba viwili nyuma ya stoo, nyumba ya kituo. Mwenye kazi alilala humo. Asiye na kazi alitolewa.

Mama Pacha alikuwa akichambua mchele mumewe alipomletea habari hiyo. Hakusimamisha vidole.

"Huo mguu wako unakanyaga pedeli ngapi za breki?"

"Moja."

"Na hiyo moja inafunga magurudumu mangapi?"

"Yote."

"Sasa umewezaje kula pedi za kulia tu? Mguu wako una ubaguzi, baba." Akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka, akatazama ukuta na sufuria zilizopangwa chini yake. Pacha wao walikuwa nje wakigombana juu ya ndoo.

Baba Pacha alimwendea fundi amwombe aseme aliyoyafanya kwa mikono yake. Fundi alimpa kiti, akampa maji, akamuulizia watoto. Kisha akamwambia kwamba yeye pia ana watoto, na kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona fundi aliyeshuhudia dhidi ya Mkuu akaendelea kuitwa fundi. Wakaagana vizuri.

Lilibaki gari lenyewe. Mkaguzi alikuwa amesikia kwamba gari huvuta kulia, akataka kulipanda alione likifunga breki, na Baba Pacha alishukuru kusikia hivyo. Chini ya mlima, ukishavuka daraja, barabara ilikuwa pana na tupu. Hapo angekanyaga breki na kuuachia usukani, gari lijieleze lenyewe. Alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba maneno machache kuliko kawaida yake: "Mungu wangu, leo nifunge mikono."

Wakapanda watatu kiti cha mbele, mkaguzi dirishani, Mkuu katikati, magoti yake yakigusana na ya dereva. Wakashuka mlima. Daraja lilikuwa bado mbele, na upande wa kulia wanawake walikuwa wametandika magunia, wamepanga nyanya mafungu mafungu, mtoto mdogo amekaa katikati ya mabeseni.

"Hapa," alisema Mkuu. "Funga breki."

Baba Pacha alimtazama mtoto. Mikono yake ikavuta kushoto, mguu ukakanyaga, bega likalia ndani kwa ndani, na pikapu ikasimama imenyooka kama rula. Mwanamke mmoja aliinua kichwa akaona si wateja, akaendelea kupanga nyanya.

Mkaguzi alichungulia nje. "Mbona halivuti popote?"

"Ndilo nililokwambia," alisema Mkuu. "Gari ni zima." Akamgeukia Baba Pacha, na machoni mwake hamkuwa na hasira wala aibu. Alimtazama kama mcheza karata anavyomtazama mtu aliyeonyesha karata zake zote. Alikuwa amefanya kazi naye miaka mingi. Alijua ni mtu wa namna gani.

"Mimi ndiye niliyelishika, bwana mkaguzi," alisema Baba Pacha.

"Umelishika kwa kitu gani?"

"Kwa mikono. Ningeliachia lingewapanda wale pale."

Mkaguzi alicheka kwa adabu. "Mzee, breki ni ya mguu." Kisha akafikiri, na uso wake ukabadilika. "Subiri. Kama unasema kweli, basi umekuwa ukibeba wauguzi na chanjo kwenye gari unalojua ni bovu. Hukusema?"

"Nilisema."

"Kwa nani?"

"Kwa huyu."

Mkuu hakukasirika. Alimtazama Baba Pacha kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. "Nami nikakujibu nini, mzee wangu?"

"Ulisema nina mikono mizuri."

Wakacheka wote wawili, mkaguzi hadi akatoa kile kitambaa cha kufutia viti akajifuta macho. Njiani kurudi walizungumza mambo ya mpira.

Baba Pacha aliachishwa kazi, na funguo za gari akapewa shemeji wa Mkuu, kaka wa mkewe, ambaye hadi siku ile alikuwa akiendesha ile pikapu ya matofali. Shemeji hakuwa mtu wa kufia kazini, na dada yake asingekubali. Kwa hiyo boksi lililofuata halikugawanywa. Pedi zote nne zilifungwa kwenye gari la kituo, kulia na kushoto, na gari likatulia. Muuguzi aliacha kushika dashibodi. Mkaguzi aliporudi, aliagiza magurudumu yafunguliwe, akakuta pedi zimelika sawasawa, kidogo tu. Akawaambia wafanyakazi waliokusanyika wajionee wenyewe tofauti ya dereva na dereva. Fundi alikuwapo, ameshika spana. Alitikisa kichwa kukubali.

Familia ya Baba Pacha wakati huo ililala jikoni kwa dada yake Mama Pacha, na dada alikuwa ameanza kuhema kwa nguvu kila asubuhi alipowaruka. Hapo Mkuu akamkumbuka mzee wake. Pikapu yake haikuwa na dereva, na ile nyumba isiyokwisha ilihitaji mtu wa kulala humo wezi wasibebe saruji. Mama Pacha alisema afadhali alale mtaroni. Alilisema mara mbili. Kisha akafunga vyombo.

Walipewa chumba cha nyuma, chenye paa lakini bila mlango wala sakafu. Wakatundika shuka.

Asubuhi ya kwanza Baba Pacha alipakia matofali hadi juu. Mke wa Mkuu alipanda naye kwenda kuona ujenzi, mkoba mapajani. Walipofika langoni mwa kiwanja, Baba Pacha alifanya alivyozoea: aliuvuta usukani kushoto, akakanyaga. Lakini kwenye gari hili gurudumu lenye pedi lilikuwa la kushoto. Gari likaruka kushoto kwa nguvu zake lenyewe na za mikono ya dereva, likagonga nguzo ya lango, na matofali yakaporomoka upande mmoja yakapasuka chini.

Mke wa Mkuu alishika kifua hadi pumzi ikarudi. Akainama, akautazama mguu wa Baba Pacha, ukiwa bado juu ya breki.

"Kumbe ni kweli," alisema, bila ubaya wowote. "Mimi nilidhani mume wangu anakuonea. Una mguu mzito, mzee wangu."

Mama Pacha alikuwa ametoka nyuma ya shuka, amesimama na ufagio.

"Ndiyo, mama," alisema Baba Pacha. "Nisamehe."

Akashuka. Mama Pacha aliweka ufagio chini, wakaanza kuokota, matofali mazima wakiyapanga ukutani kwa Mkuu. Vipande wakavisogeza kando wavitupe. Mke wa Mkuu, akikung'uta vumbi kwenye mkoba, akawaambia wasivitupe. Wavitwange, vitawafaa kujazia sakafu ya chumba chao.